Mtani Wangu na Mkia wa Waggon

Jumatano, 1 Septemba

Stesheni asubuhi, kama kawaida. Upepo mbaya. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa na Mrisho juu ya lile rundo la mataruma ya reli ya zamani, ya chuma, aliyoyaleta Mdachi, yaani Mjerumani, kwa kuogopa mchwa wetu. Mimi upande wa mashariki, yeye upande wa magharibi. Ndivyo tunavyokaa siku zote. Nikikalia upande wake ananiondoa. Akikalia wangu namwondoa.

Treni ya mizigo ikapita kwenda Tabora. Nikasema, die Waggone. Yaani mabehewa, kwa Kidachi. Mrisho akainua kidole cha shahada kama mwalimu wa chuo. "Die Waggons," akasema. Nikamwambia, "Babu yako alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka ubongo ukalainika." Akasema, "Na wako alikaa kisimani kama fisi, anadai hongo ya maji."

Tukacheka mpaka tukakohoa.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo. Watani. Wazee wao walipita na misafara katika nchi yetu kavu, wazee wetu wakawatoza hongo, ushuru wa njia, ili wanywe. Sasa ni haki yetu kutukanana mpaka kaburini. Hakuna kukasirika. Anayekasirika kashindwa.

Dodoma nzima tumebaki wawili tunaojua Kidachi. Wa kwanza ni mimi.

Ijumaa, 3 Septemba

Mrisho yuko msikitini. Nina nafasi ya kuandika jambo hili vizuri. Yeye akiliandika ataandika uongo. Bahati nzuri anajua herufi za chuoni tu, za Kiarabu. Mimi herufi zangu nilizisoma ubavuni mwa mabehewa, zilivyopakwa rangi nyeupe, nikiyaosha. Kwa hiyo najua Waggon ina g mbili. Makarani wengi wa leo hawajui.

Neno lenyewe si la Mdachi. Alilitoa kwa Mwingereza, maana Mwingereza alitangulia kuwa na reli. Alichukua na Tender, gari la maji na kuni linalofuata injini. Akachukua Lore, kile kitoroli cha kusombea mawe. Na Streik, siku watu wanapoweka nyundo chini. Hilo tulifundishwa kwa kukatazwa.

Lakini Mdachi haachi mgeni aingie hivi hivi. Sisi Wagogo, ng'ombe wa kuja akiingia zizini tunamkata sikio, alama ya nyumba. Mdachi naye hivyo. Waggon na Tender akazipa der, alama ya mume. Lore akaipa die, alama ya mke. Vingine das, si mume si mke. Kwa nini Lore ni mwanamke? Nilimuuliza bwana wangu wa karakana, tuliyemwita Bwana Kikohozi. Alikohoa.

Baada ya sikio, mkia. Ukitaka kusema kitu ni cha behewa, des Waggons. Ukilipatia behewa kitu, dem Waggon, bila mkia. Yakiwa mengi, hapo ndipo vita yangu na Mrisho.

Bwana Kikohozi alitoka milimani, kusini ya kwao. Alisema Waggone. Bwana wa Mrisho kule Tabora, Bwana Chaki, alitoka kaskazini, bandarini. Alisema Waggons. Aliuacha mkia wa Mwingereza vilevile! Mimi nasema ng'ombe ukishamkata sikio ni wako. Mpe mkia wa kwenu. Mrisho anasema mkia aliokuja nao ndio unaomtosha.

Tumegombana hivi tangu Mwingereza alipomfukuza Mdachi, naye Mrisho akahamia Dodoma. Hakuna Mdachi aliyebaki wa kutuamua. Sihitaji wa kuniamua. Najua.

Hata Waswahili tulichukua kwake. Schule tukaifanya shule. Wala hatukuuliza kama ni mume au mke.

Jumapili, 5 Septemba

Mrisho ana kichwa kinauma. Hakuja stesheni. Nimekaa peke yangu upande wangu. Treni bila mtu wa kubishana naye ni chuma tu.

Jumatatu, 6 Septemba

Mrisho kaanguka. Alfajiri, msikitini, akitawadha. Wamemwokota kopo la maji bado mkononi. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umekwenda kando. Ulimi hausemi kitu.

Sikujua ukubwa wa ugonjwa. Nilikuja na utani wangu tangu mlangoni. Nikasema leo mpagazi kachoka, abebwe yeye. Watu wakacheka, ndiyo ada, mtani hata kwa mgonjwa hanyamazi. Kisha nikamwona.

Nimerudi nyumbani nikapasua kuni. Mke wangu Nyendo kauliza kuni zote hizi za nini. Nikaendelea kupasua.

Jumanne, 7 Septemba

Nimepata dawa. Si majani wala hirizi.

Mrisho hajawahi kuacha kosa lipite. Hata siku ya harusi ya bintiye nilikosea der kwa makusudi, akamwacha bwana arusi amesimama akaja kunirekebisha. Basi. Nitakosea. Nitakosea sana. Lazima atakasirika, ulimi utafunguka.

Nataka aseme neno moja. Hata tusi. Zaidi ya hapo sitaki kitu.

Nimekaa kando ya kitanda chake. Nikasema, das Waggon. Kosa kubwa, mtoto angecheka. Ananitazama. Nikasema, die Tender. Ananitazama. Jicho la kushoto linatoka machozi, lakini mkewe, Bi Mwajuma, anasema limekuwa likitoka tangu jana, si kwa sababu yangu.

Nimekasirika mimi.

Alhamisi, 9 Septemba

Tumempeleka Mvumi, hospitali ya misheni. Lori la Mhindi mwenye duka, Kanji, juu ya magunia ya uwele. Nilimshika kichwa njia nzima. Barabara ni mawe matupu. Kila shimo nilimwambia dereva neno la Kidachi ambalo siandiki hapa. Bi Mwajuma akasema, "Shemeji, hilo alikuwa akilisema na yeye." Nikamwambia nilimfundisha mimi. Kweli nilimfundisha mimi.

Wamempa kitanda kizuri, kando ya dirisha. Shuka nyeupe. Kasafishwa. Daktari kampima, kasema neno taratibu kwa muuguzi, muuguzi akatuambia ni mshipa kichwani. Tungoje.

Mimi si mtu wa kungoja. Reli hii haikupita Ugogo kwa kungoja.

Nalala kwa dada yangu, hapa hapa Mvumi. Dada ananipa mlenda na maneno mengi.

Ijumaa, 10 Septemba

Makosa ya leo: der Lore. Das Streik. Den Tender mahali pa dem. Nimeyasema kwa sauti, karibu na sikio lake la kushoto.

Muuguzi, binti wa Kigogo, kanijia. "Babu, mwache mgonjwa apumzike. Unamsomea nini?"

Nikamwambia namsomea dawa.

"Mbona anakunja uso?"

Nikafurahi nusura nimpe ng'ombe. Anakunja uso! Nikaongeza makosa. Lakini ikawa ni tumbo. Wakamgeuza.

Sijawahi kuwa mtu asiyeweza. Nilibeba reli na watu wachache, mvua, chui usiku. Namtazama mtu mmoja amelala na siwezi.

Jumapili, 12 Septemba

Nimempelekea biskuti za dukani kwa Kanji. Nimelowesha katika chai, nimemlisha kwa kijiko. Nusu inaingia, nusu inateremka kwenye ndevu. Nafuta. Nalisha. Kama mtoto. Sitaki kuandika zaidi ya hilo.

Biskuti ni vita yetu nyingine. Mdachi anaita Keks. Nalo katoa kwa Mwingereza, kwenye keki. Mwingereza zikiwa nyingi anaweka s. Mdachi akachukua pamoja na hiyo s, hakujua kuwa tayari ni nyingi. Moja akaiita Keks. Zikiwa nyingi akaweka mkia wake juu ya mkia, Kekse. Kama mtu aliyevaa kanzu mbili akitoka, hajui. Hili tumelicheka mimi na Mrisho miaka na miaka, ndilo tunalokubaliana. Ila mimi nasema das Keks, alivyosema Bwana Kikohozi. Yeye, der Keks.

Nikashika biskuti juu ya pua yake. Nikasema, die Keks. Si lake wala si langu. Kosa la mtu asiye na aibu.

Kidole kikainuka.

Mkono wa kushoto, maana wa kulia umekufa. Kidole cha shahada. Kidogo tu, juu ya shuka, kama panzi. Kikakaa juu. Kikashuka.

Nimepiga kelele wodi nzima ikageuka. Bi Mwajuma alikuwa pale pale. Anasema ni mshipa, mkono hucheza hivyo hata akilala. Muuguzi anasema huenda. Hawamjui. Mimi najua kile kidole. Kimeniadhibu tangu nina meno yote.

Nimerudia mpaka chai ikapoa. Hakikuinuka tena. Lakini kiliinuka.

Jumatatu, 13 Septemba

Hakikuinuka.

Jumanne, 14 Septemba

Hakikuinuka. Koo limekauka kwa makosa. Naanza kusahau kipi ni sahihi. Leo nimesema der Waggon nikidhani nakosea.

Jumatano, 15 Septemba

Shabani kafika, mwanawe Mrisho wa kwanza. Yuko Kongwa kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, anaendesha trekta. Katoka huko na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kijana mzuri, adabu anayo. "Shikamoo, mzee." Marahaba.

Kisha akasema neno lake. Anampeleka baba yake Tabora. Shangazi zake wako kule, nyumba ipo, watu wa kumgeuza na kumwosha wapo. Yeye yuko Kongwa, mama peke yake hawezi. Hospitali wamesema wamefanya yao, sasa ni kumtunza. Jumamosi kuna treni.

Nikasema hapana.

Akadhani ni utani. Akatabasamu. "Mtani, huyu si mzigo wa pembe, hatulipii hongo."

Nikasema hapana, kweli. Nikamweleza kidole. Nikamwambia anakaribia kusema. Bado kidogo. Siku chache. Huko Tabora nani atamkosea? Shangazi zake wanajua Kidachi? Atalala kule wanamwosha wanamlisha, hakuna hata mmoja wa kumtia hasira, na ulimi utakufa kabla yake.

Shabani akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Mzee, baba yangu anakufa. Anataka kwao."

"Kakuambia?"

Baba hasemi, angemwambiaje.

Na mimi je? Nani kaniuliza mimi nataka nini.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimetangulia Dodoma kwa lori. Nimekwenda kuzuia.

Kwanza wazee wa msikitini. Nikawaambia mimi si Mwislamu lakini kwa jambo hili ni mtu wenu. Wakanipa kahawa. Wakasema mtoto ndiye mwenye baba. Nikasema mtani ndiye mwenye maiti, kaburi linachimbwa na mtani, je, siku ya kumzika mtamwambia mtani asimame mbali? Mmoja akasema, "Mtani mwenyewe anajichimbia kazi mapema." Wakacheka wote. Nikamwaga kahawa nikatoka.

Kisha stesheni. Nikamwambia stesheni masta asimkatie Shabani tikiti. Nikamwambia reli hii nimeilaza mimi, msumari kwa msumari, kutoka bondeni mpaka hapa, yeye hajazaliwa. Kasikiliza kwa heshima. Kasema, "Mzee wangu, hata mimi mwenye kofia siwezi kuizuia treni. Wewe utaizuia na nini?"

Sina kitu. Nimekaa kwenye mataruma mpaka jua likazama. Nyendo kanijia na blanketi. Akaniambia mtu hafungwi kwa maneno. Nikamwambia anyamaze. Akakaa. Alitaka kukaa upande wa Mrisho, nikamsogeza upande wangu.

Ijumaa, 17 Septemba

Wamemrudisha Dodoma. Analala nyumbani kwake leo, karibu na msikiti, ili kesho iwe rahisi. Nimekwenda jioni. Watu wengi. Sikupata nafasi ya sikio lake. Nikasema kosa moja kutoka mlangoni, mbele ya watu wote, wakanitazama kama kichaa. Sijali.

Nimekumbuka jambo moja. Ninayo haki moja ambayo hata stesheni masta hana, wala Shabani hana. Kesho nitaitumia.

Jumamosi, 18 Septemba

Naandika ingawa mkono hautaki.

Asubuhi wakamtoa juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne. Mimi nilikuwa tayari kizingitini. Nimelala chini, kichwa mwimo huu, miguu mwimo ule. Mwili wote umeziba mlango. Nimejifunga shuka kiunoni.

Nikasema hapiti. Nchi hii ni ya Wagogo. Mnyamwezi hapiti bila ruhusa yangu, na ruhusa sitoi.

Hii ndiyo haki. Mtani akilala njiani hakuna wa kumvuka mpaka atoe hongo itakayomridhisha mtani. Wazee walifanya. Nami nilikusudia kutoridhika. Walete chochote, nisiridhike, mpaka treni iondoke. Ndiyo ilikuwa hila yangu. Hila nzuri. Bado nasema ilikuwa hila nzuri.

Watu wakacheka. Ua mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mgogo kadai hongo!" Wakaanza kutoa. Shanga. Chumvi katika jani. Mtu kaniwekea kanga kifuani. Nikasukuma. Nikasema sitaki, arudishwe ndani. Wakazidi kucheka. "Huyu hatosheki, kama babu zake! Mleteeni na maji ya kisima!" Bibi mmoja akanimwagia maji kichwani. Vicheko.

Nikasema, "Sicheki! Hapiti!"

"Hacheki! Mtazameni, hacheki!"

Nikawaambia anakaribia kusema. Nikawaambia kidole. Nikasema katika nyumba hii mimi nitamlea mwenyewe, nitamwosha, nitamlisha, Nyendo atapika, ng'ombe ninao. Wakapiga makofi. Hakuna aliyesikia. Nilisema ukweli mtupu, wakausikia kama utani.

Basi nikalia. Mimi. Mbele ya wanawake na watoto. Machozi ya kweli, pua, kila kitu.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Loo, mzee huyu fundi. Analia kama kweli."

Wakaniletea kuku. Kuku jike mweupe, miguu imefungwa. Shabani mwenyewe kamweka juu ya tumbo langu, kwa mikono miwili, kwa heshima, akapiga goti. "Mtani, pokea. Turuhusu." Macho yake yalikuwa mekundu na yeye. Nikamshika mkono nikamwambia polepole, wewe unajua sifanyi utani. Akanitazama. Nadhani alijua. Akasema, "Treni haingoji, mzee."

Kuku akajipapatua. Nikainua mikono kumshika asianguke, ndivyo mwili ulivyofanya wenyewe, na watu wote wakapiga kelele, "Kapokea! Kapokea hongo!"

Wakanivuka.

Mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Kitanda kikapita juu ya uso wangu. Niliona kamba za chini, na mwili wa Mrisho ulivyozielemea. Kisha uso wake, umegeukia upande. Jicho la kushoto likanitazama. Wote walikuwa wanacheka. Yeye hakuwa anacheka. Yeye peke yake, nyumba nzima, alijua kwamba sikuwa nafanya utani.

Nikawafuata stesheni na kuku kwapani. Wakamwingiza daraja la tatu kupitia dirishani, mlango hautoshi kitanda. Nilikuwa nimeandaa kosa. Tangu jana. Kosa kubwa kuliko yote, sikio baya, mkia mbaya, mahali pabaya, kosa ambalo hata maiti angelirekebisha. Nikasimama chini ya dirisha. Nikafungua mdomo.

Halikutoka. Ulimi wangu ulilala kama wake.

Filimbi. Moshi. Treni ikaondoka.

Hata kwaheri sikumwambia, kwa lugha yoyote.

Jumapili, 19 Septemba

Sitoki.

Jumatatu, 20 Septemba

Nyendo anataka kumchinja kuku. Nimesema atakayemgusa nitampiga kwa rungu. Anasema kuku wa hongo huliwa, ndiyo ada. Nimesema huyu si wa hongo. Wa nini basi? Nimetoka nje.

Majirani wananisifu njiani. Utani wa Jumamosi hautasahaulika, wanasema. Dodoma haijaona mtani kama wewe. Zamani ningesimama nisikie yote. Nawapita.

Alhamisi, 23 Septemba

Hakuna habari. Nimemuuliza kila mtu anayeteremka kutoka Tabora. Mmoja kaniuliza mgonjwa wangu ni ndugu? Nikasema mtani. Akacheka. Kwa Waswahili neno hili likitajwa lazima mtu acheke.

Jumatatu, 27 Septemba

Mrisho kafa.

Gadi wa treni ya abiria kaniletea, kapewa na Shabani kwa mdomo. Alifika Tabora hai. Alikaa siku kidogo. Kazikwa alasiri ya siku ile ile aliyokufa, ndiyo sheria yao. Shabani kasema nipewe salamu za pekee, na kwamba kaburini palikuwa na Mgogo mmoja, kibarua wa mjini, ndiye aliyefanya utani. Karuka juu ya kaburi, kadai hongo, kafanya vizuri.

Nilimuuliza gadi, kasema chochote kabla? Gadi hajui. Shabani hakumwambia.

Mgogo mmoja. Kibarua. Hajui hata jina la bwana wa Mrisho. Hajui alivyokuwa akiinua kidole. Karuka juu yake.

Nimewekewa chakula, sijala.

Alhamisi, 30 Septemba

Nimejaribu kumfundisha Nyendo. Nimemwambia aseme tu, die Waggons, kila nikisema die Waggone. Kasema vizuri, ulimi wake mwepesi. Nikamwambia ainue na kidole. Kainua.

Nikamwambia basi, inatosha. Haikuwa kosa lake. Yeye hana hasira na neno lile. Mrisho alikuwa na hasira.

Jumapili, 3 Oktoba

Mawingu kidogo upande wa Kongwa, si ya mvua. Kuku kataga yai la kwanza ndani ya nyumba yetu ya tembe, nyuma ya chungu cha uwele. Nyendo kaniuliza ndipo atakapotagia siku zote? Nimesema aachwe hapo hapo.

Stesheni asubuhi. Nimekaa upande wangu. Upepo umetulia. Treni ya mizigo ikapita kwenda Tabora, polepole, ndefu. Nikasema, die Waggone. Nikangoja mpaka behewa la mwisho likapotea.

Kisha nikasogea. Nikakaa upande wa Mrisho. Chuma cha upande ule kimelainika zaidi kuliko changu, kumbe alikuwa mzito. Nikainua kidole. Nikasema, die Waggons.

Nikarudi upande wangu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lile la siku zote, la ng'ombe na sikio lake. Sikulitoa. Leo nimemwachia.